Andika Hapana

…na hapo tena, kilio kimoja, chembamba, kinapanda mpaka kwenye mabati halafu kinakatika, nami nimeshika kalamu juu ya fomu na neno mtoto nimeliandika nusu, m-t-o, ni saa mbili na robo usiku, Kisegi, mvua imeacha kunyesha lakini barabara imegeuka uji, na sikupaswa kuwa hapa saa hizi, nilipaswa kuwa Homa Bay chumbani kwangu nikikaanga mayai, ila Angwenyi, mwenye pikipiki aliyenileta mchana, amekataa katakata, "Daktari, hiyo matope itameza mimi na wewe na pikipiki, tulale tu," na mimi si daktari, nimemwambia mara tatu, mimi ni afisa wa ustawi wa jamii, Ryoba, mtoto wa Kehancha, Mkuria peke yangu katika nyumba hii ya Wajaluo, diploma moja, begi moja, fomu za rangi tatu, na hii iliyo gotini mwangu ndiyo ya waridi, fomu ya kumwondoa mtoto nyumbani… analia tena, wiki sita duniani na uzito wa mtoto wa juzi, siku mbili sasa hajanyonya, mama yake Susana ameketi kwenye godoro, uso ukutani, kanga imelowa maziwa kifuani na hageuki, hageuki, anayembeba mtoto ni nyanya yake, Dani, mama mkwe wa Susana, anamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko cha chai, nusu inaingia, nusu inamwagika shingoni, na nikijaza mistari hii mitatu ya "sababu" kesho asubuhi mtoto atafungwa kwenye leso, atapakiwa katikati ya Angwenyi na mimi, atapelekwa makao ya watoto mjini, ataishi, nadhani ataishi, na huyu wa ukutani sijui, huyu sijui… Kilio cha mtoto ni swali, alituambia Madam Nyamoita, mwalimu wetu wa chuo kule Migori, darasa la saa nane, joto, mbu, chaki, mtoto halii ovyo, anauliza, kuna mtu? na kila anapojibiwa anaongeza tofali moja ndani yake, na asipojibiwa anaacha kuuliza, nadharia ya mfungamano, niliiandika kwa wino wa buluu na nikaipigia mstari kwa sababu ilikuwa na mdundo, nilipenda vitu vyenye mdundo, sikufikiri kwamba siku moja nitakaa hatua nne kutoka kwa swali lenyewe nikisubiri liache kuulizwa… "Kama wewe ni Oguta, nyamaza," Dani anamwambia mtoto kwa Kijaluo, na Kijaluo changu ni cha sokoni lakini hiki nakifuata, anasubiri, mtoto analia, Oguta siye, "kama wewe ni Midenyo, nyamaza," siye, "kama wewe ni Rasugu," siye, ndivyo wanavyofanya huku mtoto asipokoma kulia, husemwa yuko mmoja wa waliokufa anayetaka jina lake lirudi, basi waliokufa wanaitwa mmoja mmoja, kama wanafunzi asubuhi, mpaka mtoto anyamaze kwenye jina lake, na huyu hana jina bado, kwenye kadi ya kliniki wameandika Mtoto wa Susana. "Hii mtoto inatafuta jina vile mimi natafuta network," Angwenyi anasema kutoka mlangoni, simu imeinuliwa juu kama mtu anayepima mvua, na Dani anatoa kicheko kidogo cha puani, "Wewe Mkisii, kwenu mnatajaje mtoto?" "Kwetu mtoto halii, Dani, tunalia wazazi," na hapo hakuna anayecheka, naye anaona, anasema samahani, anarudi nje kwa pikipiki yake, anakaa kwenye kisiki, namwona kupitia mlango, taa ya simu usoni, anakaa kwenye kile kisiki na kutikisa mguu, na hakuna aliyemwambia ni kisiki cha nini, si Dani, si mimi, mti wenyewe ulikatwa siku ileile ukachomwa mpaka tawi la mwisho, kwa sababu mti unaochukua mtu kwa namna ile hauachwi, na mtu mwenyewe alizikwa nje ya ua kabla ya jua, bila ngoma, bila wimbo, na jina lake halitajwi, na hakuna mtoto anayepewa… hata wake. Baba wa mtoto huyu. Mume wa Susana, mwana wa kwanza wa Dani. Mteja wangu, faili namba arobaini na saba.

Mteja, ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti, mteja alionekana, mteja alisema, mteja alikana, kurasa nne na jina halimo, nilidhani natunza siri, na nimemaliza miezi minne silitamki, si ofisini, si kwa mama yangu kwenye simu anaponiuliza mbona sauti yako imekonda, kwa hiyo naweza kuwalaumuje hawa kwa mila yao, mimi nina mila yangu, yangu ina muhuri… na Dani naye amepotea pamoja na jina lile, huku mama huitwa kwa mwana wake wa kwanza, Min fulani, na miaka thelathini ameitwa hivyo kisimani, kanisani, sokoni Kisegi, mpaka siku ile, na kesho yake majirani wote kwa pamoja, bila mkutano, wakaanza kumwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, huko Migori alikotoka kabla hajaolewa, wamemrudisha usichana kwa siku moja kama vile hajawahi kuzaa… "Kama wewe ni Aloo, nyamaza," siye, Aloo alikuwa mwanamke, anajaribu hata wanawake sasa, majina yanamwishia.

Nilikuja hapa mara mbili kabla mteja wangu hajafa, kiti hikihiki chenye mguu uliofungwa waya, kliniki ndiyo iliyotupa jina lake, mtumbwi ulizama mwaka jana nje ya ufuo, watatu waliingia, mmoja akarudi, na yule aliyerudi aliacha kulala na akaacha ziwa, alikaa pale nje chini ya mti akifuma nyavu ambazo hangetumia, akizifumua jioni, akizifuma tena, nami nikafungua ukurasa safi nikachora duara dogo, mteja, na duara kubwa nje yake, familia, na kubwa zaidi, kijiji, kama ubao wa Madam Nyamoita, nadharia ya mifumo, usimtoe mtu kwenye maji yake ukasema unamsoma, mwite pamoja na watu wake, nami nilipenda hilo, lilikuwa kweli, bado ni kweli, basi nikamwambia Dani, Mama, karibu ukae nasi, nikamsogezea kigoda mimi mwenyewe, kwa mkono huu, akaketi karibu naye, magoti yanagusana, na nikashuka na orodha, unakula, nakula, unalala, kidogo, unasali, ndiyo, mpaka swali la tisa… nikalisoma kama lilivyoandikwa, je, umewahi kufikiria kujidhuru au kuondoa maisha yako, mbele ya mama yake, magoti yanagusana, nikamuuliza mwanamume mbele ya aliyemzaa kama anataka kuyarudisha maisha aliyopewa naye. Aliangalia chini. Moja, mbili, tatu. Sekunde tatu nazikumbuka kwa sababu kuku alipita katikati yetu, na sekunde ya tatu ilikuwa nzito, nikaona haya kwa niaba yake, nikageuza kichwa, sikungoja ya nne, nikamwangalia mama, na Dani akasema, "Mtoto yangu hawezi fikiria kitu kama hiyo. Andika hapana," na yeye hakusema kitu, na nikaandika hapana. Siku kumi na moja baadaye…

na uso wake haukutikisika, hicho ndicho kinachonirudia, haukutikisika hata kidogo, nami nikauandika kwenye sehemu ya nguvu za mteja, mtulivu, ana heshima, kwa sababu uso ule niliujua, ni uso niliouvaa mwenyewe Kehancha alfajiri ya kisu cha tohara, miaka kumi na mitatu, baridi, wavulana mstari mmoja, mama yangu nyuma ya umati akinyoosha shingo, na nilijua nikipepesa jicho nitakuwa nimempiga yeye, si mimi, yeye, sikupepesa, akapiga vigelegele, na tangu siku hiyo mtu akiumia kimya mbele yangu moyo wangu unasimama kumpigia saluti, hakuna ukurasa wa kitabu ulioniambia hilo kuhusu mimi, walitufundisha mteja anavyojifunza, hawakutufundisha afisa alijifunza nini na lini na kwa kisu gani, nikaona kidonda nikakiita nguvu, nikapiga mstari chini yake, kwa wino wa buluu… Msimamizi wangu alisema, "Ryoba, mteja alikana, iko kwenye fomu, uko sawa," niko sawa, nilikubali, nilikula chakula cha mchana siku hiyo, samaki, ugali, nilikimaliza.

"Kama wewe ni Nyangweso…" sauti ya Dani imekauka, na mtoto hata kulia anapunguza, si kwamba ananyamaza, anachoka, naisikia tofauti, swali linaanza kuacha kuulizwa, na kalamu hii, m-t-o, t-o, maliza, mistari mitatu tu, mama amekataa kumnyonyesha, mama ana dalili za, hali ya nyumbani si, najua maneno yote, nina nadharia ya kila mstari, na kesho duara dogo litatoka ndani ya duara kubwa kwenye pikipiki ya Angwenyi na hakuna atakayekuwa ameuliza chochote… "Umeruka moja."

Ni Susana. Uso bado ukutani, ameongea Kiswahili, labda ili nami nisikie, labda kwa sababu kwa lugha ya nyumbani lingeuma zaidi, sijamsikia sauti tangu mchana, na ni sauti ya kawaida, kama ya mtu anayekumbusha chumvi, na Dani anaacha kutikisa goti, "Hiyo hatuitangi," anasema, "unajua hatuitangi," na Susana, "Si mimi naitisha, Dani. Ni yeye. Nikimshika naona hiyo macho, na nikitaka kumwita sina jina la kumwita. Namshika aje?" na tone linaanguka kutoka kwenye paa ndani ya sufuria, lingine, Angwenyi nje anakohoa… na jina liko mdomoni mwangu, lina uzito wa punje ya mahindi, mimi naweza kulisema, mimi mgeni, mila yenu hainishiki, nikilitamka litakuwa limetamkwa na mambo yaishe, mtoto anyamaze au asinyamaze, nijaze fomu au nisijaze, na tayari nimefungua midomo, na ndipo ninapouona ugonjwa wangu, ni uleule, kimya kinakuwa kizito nami nakimbilia kukijaza, namtafuta aliye tayari kujibu haraka, siku ile alikuwa Dani, leo ni mimi, na jina hili si langu la kutoa, kama vile jibu lile halikuwa la mama yake… nafunga midomo. Nafunga kalamu. Moja, mbili, tatu, hapa ndipo nilipogeuza kichwa, nne, sijageuza, tano, sita, tone kwenye sufuria, saba, nane, na Dani ameinua macho, haiangalii fomu, ananiangalia mimi, macho ya mtu ambaye hajalala miezi minne, na ninaelewa kwamba kumbe tulikuwa wawili wakati wote huu, kila mmoja usiku wake, swali lilelile la tisa. "Siku ile," anasema, "uliuliza yeye." "Ndiyo, Mama." "Nikajibu mimi." Na kuna sentensi ya hapa, tumefundishwa, si kosa lako, usijilaumu, nimewaambia watu hamsini sentensi hiyo na sauti yake laini, na siitoi, maana si kweli yote na atalisikia hilo, nasema tu, "Nami nikaandika." Anatikisa kichwa, polepole, anakubali, kama tumebeba pamoja kitu kizito na sasa kila mmoja anajua mwenzake ameshika wapi… na mtoto bado analia, chembamba, kilekile, kinapanda kwenye mabati kinakatika, mvua nyingine inaanza mbali upande wa ziwa, hakuna kilichobadilika chumbani isipokuwa Susana, bega moja limetoka ukutani, bega moja tu, na Dani anamsogeza mtoto juu, anaweka mdomo kwenye sikio lile dogo lenye maziwa yaliyoganda, na anaanza kama alivyoanza na wote, kama wewe ni yeye, anasema, na anakwama, halafu anaendelea kwa njia nyingine, kwa Kijaluo cha taratibu ambacho hata mimi nakielewa neno kwa neno, kama wewe ni yeye basi usinyamaze, lia, lia tu, leo sikujibii, leo nasikia, Obare.