Kibao Kilichogeuka Mgongo

Khalayi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amemaliza nyumba yake ya ghorofa mbili, ameipaka rangi ya chungwa ambayo hata kwenye gemu inaumiza macho, na kama mjenzi mwingine yeyote alitaka kusifiwa. Akapiga picha, akaitupa kwenye grupu la wachezaji wa seva yao. Wendy, aliyekuwa nyuma ya kaunta ya agroveti mjini Voi, aliifungua akiwa na pongezi mdomoni.

Nyumba yenyewe hakuitazama. Alichokiona ni nyasi tambarare kama uwanja wa mpira, na mwisho wa nyasi safu nyembamba ya miti, na ng'ambo ya miti, katikati ya mashina, kibao cha mbao. Kibao kilikuwa kimegeuka mgongo. Alikijua hata hivyo, maana alikisimika mwenyewe. Upande wa pili kiliandikwa: Fighi. Usiingie.

Niyaeleze mambo yalivyokuwa, asije mtu akasema msichana mzima alizua zogo kwa ajili ya mchezo. Miaka mitatu nyuma, Wendy na binamu yake Nicholas walianzisha seva kwenye kompyuta kuukuu ndani ya saiba, duka la intaneti la Nicholas. Ni gemu ya kujenga kwa bloku, na dunia yake haina mwisho. Kompyuta huiumba ardhi mchezaji anapoikaribia, milima au mabonde, kufuatana na mipangilio iliyowekwa. Wao walibahatika kupata milima iliyofanana na ya Werugha. Wakakata matuta, wakafuga ng'ombe, wakapanda kabichi. Kilichokosekana ni ukungu tu.

Wote wawili walilelewa Werugha na nyanya yao Tryphena, chini kidogo ya fighi, ule msitu ambao Wadawida hawaukati wala hawauingii ovyo. Kwa hiyo kwenye seva nako walichagua mahali mlima mmoja ulipoanzia, penye msitu mnene, wakasema mlima huu hauguswi. Nicholas ndiye aliyeitamka sheria. "Hata mimi siingii," alisema. "Ata kama mimi ndio admin."

Na sheria ilishika. Mwaka jana Khalayi alikata mti mmoja wa pembeni, mmoja tu, akafungiwa nje wiki mbili. Wendy ndiye aliyempelekea Nicholas habari, na Khalayi, rafiki yake wa chanda na pete, hakumsalimia mpaka Krismasi. Wendy alimeza uchungu huo. Kila Jumamosi jioni alikuwa anaingia kwenye seva, anasimama karibu na kibao na kuitazama ile miti, basi. Alipenda kwamba kuna mahali asipopajua. Jambo hilo lilimpa raha ambayo hakuweza kumweleza mtu, isipokuwa Nicholas, ambaye mara nyingi alikuja kusimama kando yake.

Siku hiyo alimwachia mwenzake kaunta, akavuka barabara hadi saiba. Nicholas alikuwa akichapisha vyeti vya mteja.

"Nick, nyuma ya fighi kuna nini?"

Hakugeuka. Aliokota karatasi mbili zilizotoka kwenye mashine. "Kuna ploti."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu. Sikiza Wendy, watu walikuwa wanalalamika. Kila mahali mlima, hakuna pa kujenga. Nikabadilisha settings, ardhi mpya ikuje flat."

"Nauliza fighi."

"Sijaguza kitu ya mtu." Sasa aligeuka, na akaanza kumfafanulia kwa upole, kwa sauti ile ile ya kumwelekeza mzee aliyesahau nywila. Mahali mtu ameshafika, alisema, kompyuta haipabadilishi, pamehifadhiwa. Inabadilisha tu pale ambapo hakuna aliyewahi kufika. Miti ya mbele ilibaki kwa sababu Wendy alikuwa ameiona kutoka kwenye kibao. Mlima uliobaki haukuwa umeumbwa bado. Ulikuwa unangoja mtu.

"Ungeingia ata siku moja," alisema Nicholas, "ukatembea mpaka huko juu, mlima wote ungekuwa hapo mpaka leo."

Wendy alihesabu miezi. Sasa ulikuwa mwezi wa saba. "Nani wanajua?"

"Wote. Niliwaambia wasikuambie. Sikutaka uumie."

"Jumamosi iliyopita ulisimama na mimi hapo."

Nicholas alianza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. Wendy alihisi aibu kwanza, halafu hasira, halafu aibu tena: miezi minne akiliheshimu pazia, na wachezaji thelathini nyuma yake wakinyamaza kwa huruma. Afadhali wangemcheka.

"Naweza rudisha settings," Nicholas alisema.

"Mlima utarudi?"

"Hapo washakanyaga. Hapo hapana."

Alirudi dukani, akauza dawa ya kupe na mbegu za sukuma, akahesabu chenji vizuri. Khalayi alituma ujumbe wa kuomba msamaha. Hakuujibu.

Jumapili baada ya ibada alipanda Werugha na mfuko wa sukari na unga. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye matuta. Njia ya kwa nyanya inapita kando ya fighi, na tangu enzi za kubebwa mgongoni Wendy alikuwa ameipita bila kuupa msitu zaidi ya jicho moja la heshima. Leo alisimama. Miti ya mbele ilikuwepo. Hiyo imekuwepo siku zote. Ila ile ya ndani, hakuna mtu anayemjua aliyewahi kumwambia kwamba ameiona.

Akauweka mfuko chini. Akasukuma matawi, akapiga hatua moja, ya pili, akigusa kila shina kwa kiganja. Majani yaliyolowa yalimwagia maji shingoni.

Nyanya Tryphena alikuwa akiteremka njiani na mzigo wa nyasi za ng'ombe. Aliuona mfuko, akauona mgongo wa mjukuu wake.

"Wendy," aliita, bila kupandisha sauti. "Nini umepoteza humo, mwanangu?"

Wendy alikuwa amefika mti wa tano. Alimsikia nyanya yake vizuri kabisa, na alijua kwamba inafaa arudi. Lakini kwanza alitaka kuuona wa sita.