Watu Tisa wa Alefaio

Asubuhi ya nne ndani ya nyumba ile ya wageni, Alefaio Manuao aliwahesabu watu wake kabla hata hawajanawa uso. Wanane, na yeye wa tisa. Akaenda jikoni, akamkuta mkewe Melali anakaanga mkate, akarudi ukumbini akawahesabu tena, utadhani mtu mzima anaweza kuyeyuka baina ya chai na biskuti.

"Baba Teuila, keti," Melali alimwambia kutoka jikoni. "Unawatia watu kizunguzungu."

Hakuketi. Tangu matokeo ya uchaguzi yasomwe redioni, Alefaio alikuwa hakai mahali pamoja. Bunge la visiwa vyao lina watu kumi na sita, na vyama hawana. Kila mmoja huja na jina lake na ukoo wake. Basi kila uchaguzi ukiisha, anayeutaka uwaziri mkuu huwakusanya wenzake, akawafungia mahali na kuwalisha mpaka siku ya kura ya siri, wasije wakaonana na upande wa pili wakageuzwa. Mwenye tisa ndiye mwenye serikali. Simu za wote zilikuwa ndani ya kopo kubwa la biskuti, na kopo lilikuwa chini ya kitanda cha Melali. Ng'ambo ya uwanja wa ndege, Sakaio naye alikuwa amewakusanya wa kwake, na upepo ukigeuka harufu ya nguruwe wake wa kuoka ilifika mpaka huku.

"Wenzetu wanakula nguruwe," alinung'unika Tavita, mbunge mnene kuliko wote. "Sisi samaki, samaki, samaki. Nitaota mapezi."

"Nenda basi ukawaombe."

Alefaio alijuta papo hapo, maana Tavita alionekana kulifikiria.

Mtu asimcheke Alefaio. Yalishamkuta. Alianza na ualimu, akagombea ubunge akaanguka, akagombea tena akaanguka, akaingia mara ya tatu, akapewa wizara ya uchukuzi, maana yake meli moja na bandari isiyo na kina. Mwishowe akawa waziri mkuu, na hata mwaka hakumaliza. Alikuwa ughaibuni, jukwaani, amevaa tai, anawaeleza wakubwa wa dunia jinsi bahari inavyokula ufuo wa kwao, wakati nyumbani wenzake wawili wanavuka upande na kuiangusha serikali yake. Ndege iliporudi hapakuwa na gari la kumpokea. Alikata uwanja kwa miguu, anaburuta sanduku, na vijana waliokuwa wakicheza mpira palepale kwenye njia ya ndege wakasimamisha mchezo wampishe, kwa adabu, kama anapishwa mgonjwa. Matusi angeyavumilia. Ile adabu ndiyo iliyomkaa rohoni.

Kati ya wanane wake, aliyemwamini bila kumpima alikuwa Faiva Lotoala. Wote wawili walizaliwa kisiwa cha Nukuvai, wakaletwa wadogo hapa Motulua kusoma, wakawekwa nyumbani kwa Mama Silia, wakalala mkeka mmoja miaka yote ya shule. Faiva hakuwa mtu wa maneno. Kura yake aliiahidi kwa kumshika Alefaio mkono na kusema, "Haya." Hakuomba wizara, hakuomba safari.

Mchana wa siku ile Melali alitoka kwenda dukani kununua sukari, akarudi mikono mitupu, macho mekundu.

"Mama Silia ametutoka," alisema. "Sasa hivi. Nimewakuta wanamvalisha."

Faiva aliinuka, akaanza kutafuta shati lake jeupe. Kule maiti haiwekwi, joto haliruhusu. Mtu akifa mchana, ukoo unakaa naye usiku kucha wakiimba, na asubuhi anazikwa uani kwake. Wengine nao waliweka vikombe chini. Hakuna hata mmoja ambaye hajawahi kula kwa Mama Silia.

Faiva alipomaliza kufunga vifungo, alimkuta Alefaio amesimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Swali gani hilo, Alefa?"

"Sakaio ni mkwe wa nyumba ile. Atakuwa amekaa palepale."

"Amefiwa na mama wa mke wake. Ulitaka akae wapi?"

"Usijitie hujui. Mfiwa akikuomba kitu mbele ya maiti, humkatalii. Hapa kwetu watu wametoa mashamba kwa namna hiyo. Je, Lusia akikugeukia pale, akakwambia, Faiva, mpe mume wangu kura yako, utamjibu nini?"

Faiva alifikiri kwanza. "Lusia hawezi kunifanyia hivyo."

"Mumewe anaweza."

"Basi twende wote. Nishike mkono kama mtoto, ukiona naombwa nizibe masikio."

Tavita alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akakohoa.

"Nikitoka mimi, hawa nani atawatazama?" Alefaio aliuliza, na wale saba wakaanza kukagua dari. "Kesho, ndugu yangu. Kura ikiisha tu, tunakwenda wote, mikeka juu ya mabega, tunamlilia mama yetu kama inavyotakiwa."

"Kura saa nne. Anazikwa saa tatu."

"Tutakwenda kaburini."

"Alefa." Faiva aliteremsha sauti. "Nilipougua surua mama yule alinilaza kifuani kwake. Wewe ndiye uliyekuwa unashika taa."

Alefaio aliikumbuka taa ile. Aliukumbuka na mkono wake mwenyewe ulivyouma kwa kuishika. Lakini alikumbuka pia sanduku, na vijana wa mpira, na akajiambia kwamba marehemu angemwelewa, kwa kuwa marehemu hawabishi.

"Nakuomba," alisema. "Sikuamrishi, nakuomba."

Melali alikuwa amesimama nyuma na kikapu chake kitupu. "Mtu anayeomba huwa hazibi mlango," alisema.

Mumewe alijifanya hakusikia, wala hakusogea. Faiva akaanza kufungua vifungo vyake, kimoja kimoja, akalitundika shati kwenye msumari.

"Nilikuahidi kura," alisema. "Utaipata."

Jua lilipokuwa linazama, nyimbo zilianza. Kisiwa chenyewe chembamba, mtu akipiga chafya upande wa bahari anaombewa afya upande wa pili, kwenye ziwa la maji chumvi. Sembuse ukoo mzima unaoimba kwa sauti nne. Nyimbo zilivuka uwanja wa ndege zikaingia madirishani. Tavita, kwa huruma yake, aliwasha redio. Faiva akaenda akaizima, akarudi kuketi. Melali alijitwalia mkeka wake bora na kutoka, bila kuaga wala kuuliza, na Alefaio hakuthubutu kumzuia yeye.

Alefaio alitembea. Alizunguka nyumba, akazunguka tangi la maji, akazunguka nyumba tena. Alijiambia kwamba hivi ndivyo anavyoomboleza yeye, kwa miguu. Akamwahidi Mama Silia wodi mpya ya wazazi yenye jina lake, kisha ukuta wa kuzuia bahari wenye jina lake, na kila wimbo ulipopanda alimwongezea kitu. Alipochungulia dirishani, Faiva alikuwa palepale, midomo inacheza. Alikuwa anaimba nao bila kutoa sauti.

Asubuhi walipanda nyuma ya pikapu wote tisa. Barabara ni moja, na nyumba ya Mama Silia iko kando yake. Uani kulikuwa kumejaa. Jeneza lilikuwa limeshaingia, na wanaume walikuwa wanafukia kwa zamu. Dereva alipunguza mwendo kama desturi.

"Twende, twende," Alefaio alisema.

Lakini alikwisha kuona. Aliyekuwa na koleo alikuwa Sakaio, jasho linamtiririka, na nyuma yake, wakingoja zamu zao, walikuwa wabunge wake wote sita. Hakuna aliyewafungia. Wamelala pale pale mikekani, katikati ya ukoo ambao nusu yake ni watu wa Nukuvai, kwao Alefaio na Faiva, na wameamka wakiwa wa Sakaio vilevile. Faiva alivua kofia, akainamisha kichwa mpaka gari likapita.

Sakaio na wenzake waliingia kwenye ukumbi wa kura wamechelewa kidogo, viatu vimejaa mchanga. Karatasi zikagawiwa, zikakunjwa, zikahesabiwa. Tisa kwa saba. Alefaio Manuao alikuwa waziri mkuu tena.

Akaapa. Akavikwa mashada shingoni mpaka kidevu hakionekani. Akina mama wakaanza wimbo, wanaume wakapiga kwa viganja sanduku la mbao, ndiyo ngoma ya kwao, na kwa muda ule wa kiapo na picha, kile kilichokuwa kikimkimbiza tangu uwanja wa ndege kiliacha kumkimbiza. Alicheka kwa sauti. Alimkumbatia hata Tavita, ambaye walikuwa wamekubaliana akae kwenye kiti cha spika, mahali ambapo unene ni heshima.

Faiva alimngoja ofisini, amesimama. Kofia ilikuwa mkononi.

"Hongera, Mheshimiwa."

Alefaio alisita. Miaka yote hakuwahi kuitwa hivyo na Faiva. "Ndugu yangu, kaa. Nataka tuongee habari ya wizara yako. Halafu twende kwa mama."

"Neno langu nimelitimiza. Kura ya leo ilikuwa yako. Bunge likikaa Jumatatu, mimi nakaa upande wa pili."

Hesabu ilijipiga yenyewe kichwani mwa Alefaio. Tavita yuko kwenye kiti, hapigi kura, walibaki wanane. Faiva akivuka wanabaki saba, na wale wanakuwa wanane. Serikali yake haitamaliza wiki.

Lilikuwepo la kusema. Angeweza kusema, nimekosa. Angeweza hata kukaa chini na kulia, na labda Faiva angelia naye. Badala yake mdomo wake ulitoa kile ambacho siku zote nne ulikuwa umekiandaa.

"Sakaio amekuahidi nini?"

Faiva alimtazama kama mtu anayemtafuta mwenzake kwenye kundi la watu.

"Sakaio sijaonana naye," alisema. "Ulihakikisha."

Akavaa kofia yake, akatoka.

Alefaio alikaa. Akasimama. Nje walikuwa bado wanacheza ngoma, na kila aliyepita dirishani alimpungia mkono. Alitokea mlango wa nyuma, akaenda kwa miguu, haraka, nusu ya kukimbia, akivua mashada moja baada ya jingine na kuyatundika kwenye nyua za watu.

Uani kwa Mama Silia wageni walikuwa wametawanyika kwenda kuoga. Lusia alikuwa amepiga magoti peke yake kando ya kaburi la mama yake, anapanga kokoto nyeupe. Hakuinuka.

"Karibu, kaka Alefa."

"Pole, dada. Pole sana."

"Tumeshapoa." Alisogeza kokoto mbili tatu. "Juzi alikuwa anawaulizia. Tulipiga simu, hamkupokea. Akauliza tena, wako wapi wanangu wawili. Tukamwambia wamefungiwa, wana kazi ya nchi."

"Akasema nini?"

"Akasema basi wawekewe chakula." Lusia alijifuta uso kwa kiwiko. "Jana usiku niliwawekea. Nilijua hamji, lakini yeye alisema. Sahani mbili, nikazifunika, watu wakipita wananiuliza za nani hizi. Asubuhi Sakaio akasema basi tuwape mbwa."

Alefaio alipiga magoti upande wa pili wa kaburi. Machozi ambayo usiku kucha aliyatembeza kuzunguka tangi la maji yalimtoka yote, mbele ya mke wa mpinzani wake, tai ikiburuzika kwenye mchanga. Alilia kwa kelele, kama mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani akakuta mlango umefungwa. Lusia alimwacha alie. Aliendelea kupanga kokoto zake mpaka zikaisha, akakung'uta mikono, akamtazama vizuri, kuanzia nywele mpaka viatu.

"Faiva hayupo," alimwambia, taratibu. "Alipita, akakaa hapo ulipo, akaondoka."

"Sikumfuata Faiva, dada. Nimemjia mama."

"Haya," Lusia alisema.

Na ilikuwa kweli. Alikuwa tayari kuapa kwamba ni kweli. Lakini shingo yake ilikwisha kugeuka, na macho yake, mekundu, yenye machozi bado, yalikuwa barabarani yanatafuta Faiva ameelekea upande gani. Alipoyarudisha kaburini, Lusia alikuwa bado anamtazama.