Kona ya Futi Mia Mbili

Muthoki alikuwa fundi wa maturubai. Kibanda chake kilikuwa Kitengela, nyuma ya maduka ya mbao, na kazi yake ilikuwa kushona vifuniko vya malori, viti vya magari, na mara mojamoja hema la harusi. Tangu aanze kazi hiyo, miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita akiwa ameinama, mguu kwenye pedali na macho kwenye sindano.

Siku moja mzee mmoja mrefu, mnyoofu kama mtu aliye kwenye gwaride, alimletea mifuko sita mikubwa iliyochanika mishono.

"Hii ni ya kubeba nini?" Muthoki akauliza.

"Parachuti."

Muthoki akasimamisha cherehani. "Sasa Mzee, nikikosea mshono si mtu atakufa?"

Mzee akacheka. "Parachuti yenyewe siwezi kukupa. Iko na fundi wake mwenye cheti, na hata yeye huwa namkagua. Wewe nishonee tu mifuko ya kuibebea."

Mzee huyo aliitwa Ondiek. Alikuwa amestaafu jeshini akiwa sajini, na sasa alifundisha watu kuruka kutoka kwenye ndege katika uwanja mdogo nje ya mji wa Kajiado. Mifuko ilipokuwa tayari, Muthoki aliipeleka mwenyewe, siku ya Jumamosi. Aliona ndege ndogo ikipanda mpaka ikawa kama nzi, kisha akaona watu wakitoka ndani yake mmoja mmoja na kufunguka kama maua. Shingo ikamuuma kwa kutazama juu. Hakukumbuka ni lini aliitumia shingo yake hivyo mara ya mwisho.

Wiki tatu baadaye alikuwa mwanafunzi.

Ondiek hakuwa mtu wa haraka. Siku mbili nzima wanafunzi hawakuiona ndege kwa karibu. Waliruka kutoka juu ya meza, wakaanguka kwenye mchanga, wakainuka, wakarudia. Miguu pamoja, magoti pamoja na yamekunjwa kidogo, halafu mwili ujiviringishe ubavu hadi mgongo ili mshtuko usiishie kwenye mfupa mmoja.

"Nyinyi mnaogopa parachuti ikatae kufunguka," aliwaambia. "Inaweza kukataa, ndiyo maana mko na ya akiba, na tutafanya mazoezi ya kuivuta mpaka muote. Lakini nawaambia kile nimeona kwa macho yangu. Watu wengi nimebeba kwa machela walikuwa na parachuti nzuri kabisa juu ya kichwa. Walifanya ujinga karibu na ardhi. Ukivuta kamba ya upande mmoja, parachuti inapiga kona na inapiga mbizi. Ukiwa juu, hakuna shida, itajinyoosha. Ukiwa chini, ardhi itafika kabla haijajinyoosha. Chini ya futi mia tatu hakuna kona. Tua pale umejikuta, hata kama ni kwa shamba la mtu. Atakutukana, utamwomba msamaha, utaenda nyumbani na miguu yako."

Muthoki aliruka mara tatu, na mara zote tatu alitua vizuri. Ya nne akamwalika mama yake.

Mukai, mama yake, ambaye Muthoki alimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alikuwa mwanamke mfupi aliyeuza viazi na maharagwe sokoni, na alikuja na wanawake wanne wa kanisa lake, wote wamevaa vitambaa vyeupe vya Jumapili. Waliwekewa viti vya plastiki kando ya uwanja. Muthoki alipofunguka angani aliwaona, nukta tano nyeupe, na moyo ukamjaa.

Lakini alichelewa kujipanga. Alipokuwa anatazama nukta zile, upepo ulimpitisha, na akashtuka kuona kwamba atatua mbali, ng'ambo ya uwanja, kwenye vichaka ambako hakuna mtu angemwona. Ardhi ilikuwa imeshakaribia. Ondiek alikuwa akimwelekeza kwa redio iliyokuwa ndani ya helmeti yake, na sauti yake ilikuja wazi kabisa.

"Muthoki, acha hivyo hivyo. Tua mbele yako. Usigeuke."

Alisikia. Aliwatazama wale wanawake watano, akavuta kamba ya kulia hadi kiunoni.

Dunia ikalala ubavu. Kilichofuata alikikumbuka vipandevipande: nyasi zikimkimbilia, mlio kama wa kijiti kikavu, na kilio ambacho alidhani ni cha mama yake mpaka alipogundua kinatoka kwake mwenyewe.

Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili chini ya goti. Walimlaza kwenye machela bila kumkunja mgongo, wakamfunga mguu kwa ubao, wakampeleka hospitali, naye akawekewa chuma na skrubu saba. Alipozinduka, Mukai alikuwa amekaa kando ya kitanda.

"Ni nini ilifanyika, mwanangu?"

Muthoki akatazama dari. "Ni upepo, Mwaitu," akasema. "Upepo ulinigeuza."

Neno hilo likatoka hospitalini likaingia sokoni, na kutoka sokoni likaingia kanisani. Kabla ya mwezi kwisha, Kitengela nzima ya Mukai ilijua kwamba kuna mzee huko Kajiado anayerusha watoto wa watu kwenye upepo mbaya. Mukai akampigia Ondiek simu na kumwambia maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu mzima. Muthoki alikuwa amelala chumba cha pili akisikia yote kupitia spika ya simu. Alingoja Ondiek ajitetee, lakini mzee alisikiliza mpaka mwisho, akampa mama pole, akauliza mgonjwa anaendeleaje.

Alikuja kumwona mara mbili. Hakugusia kona hata kidogo. Muthoki angependa amfokee.

Miezi ikaenda. Kwanza alitembea na magongo mawili, halafu moja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mchangamfu aitwaye Sandra, alimfundisha upya kupanda ngazi na kusimama kwa mguu mmoja. Alimkataza pedali ya kulia kwa muda, kwa hiyo Muthoki akajifunza kushona kwa mguu wa kushoto. Maturubai ya wiki hizo yalikuwa na mishono ya kulewa.

"Unataka huu mguu upone ndio ufanye nini?" Sandra alimuuliza siku moja.

"Niruke," Muthoki akasema, na akashangaa kujisikia.

Sandra hakushangaa. "Basi daktari akuone mfupa kwanza. Na uniambie vile ulivunjika. Upepo hauvunji mtu hivi. Ulikuwa unaenda kwa kasi sana, na ulikuwa umelala upande."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza namna hiyo, na Muthoki akaona hana pa kujificha. Akamweleza Sandra kila kitu, akilia, mguu ukiwa umefungwa mkanda wa mpira.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Kajiado. Alimkuta Ondiek akiwapanga wanafunzi wapya saba mbele ya meza ya mazoezi. Akamwomba dakika tano. Mzee akadhani anataka waongee pembeni, lakini Muthoki akasimama pale pale mbele ya watu, akapandisha mguu wa suruali mpaka goti. Kovu lilikuwa jekundu bado.

"Mimi naitwa Muthoki. Niliambia watu ni upepo. Si upepo. Nilikuwa chini sana, labda futi mia mbili, na nilipiga kona kwa sababu mama yangu alikuwa anaangalia na sikutaka kutua kwa vichaka. Mwalimu aliniambia nisigeuke. Nilimsikia vizuri. Nyinyi mkiambiwa, msikie kuliko mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akauliza kama iliuma, na Muthoki akajibu kwamba iliuma mpaka akaona aibu ya kuzaliwa. Kisha maswali yakamiminika: kona inavuta kiasi gani, unajuaje uko futi mia tatu, ukiona vichaka unafanya nini? Ondiek alisimama nyuma na mikono yake mgongoni. Walipokwisha, akamwambia polepole, "Hiyo dakika tano imefundisha kuliko siku yangu nzima."

"Mbona hukumwambia mama yangu ukweli, Sajini?"

"Mguu ulikuwa wako. Ukweli pia."

Jioni hiyo Muthoki alimwambia mama yake. Mukai alikuwa akichambua maharagwe kwenye sinia, na hakuinua uso. Alichambua mpaka sinia ikaisha.

"Kwa sababu yetu," akasema mwishowe. "Ili tukuone."

"Kwa sababu ya kiburi changu, Mwaitu."

"Na mimi nilimtukana yule mzee." Mukai akafuta mikono kwenye leso. "Nipe namba yake."

Daktari alipomruhusu, ilikuwa imepita miezi kumi na minne. Ondiek hakumpeleka kwenye ndege. Alimrudisha mezani, kwenye mchanga, pamoja na wanagenzi, siku mbili zilezile za mwanzo. Muthoki hakunung'unika. Aliruka kutoka mezani mara hamsini na mbili, na mguu ukashika.

Asubuhi ya kuruka, soksi ya upepo iliyokuwa juu ya mlingoti ililegea vizuri. Ndege ikapanda. Futi elfu nne, mlango ukafunguliwa, na Muthoki akatoka. Mkanda uliofungwa kwenye ndege ukaivuta parachuti yake, akahesabu, akatazama juu. Pembe nne, kamba zote ziko sawa. Akavuta kulia, akavuta kushoto. Inasikia.

Halafu akatazama chini, na akaona kwamba uwanja uko mbali kuliko unavyopaswa kuwa. Aliugeukia. Hausogei. Huku juu upepo ulikuwa na nguvu kuliko ule wa chini, na ulikuwa umemshika kama mtu anayeshikwa mkono wa shati.

"Muthoki," redio ikasema, "uko—" kisha ikakwaruza, ikanyamaza.

Alingoja. Kimya. Saa ya kupimia urefu mkononi ilionyesha futi elfu moja na mia nane. Uwanja ulikuwa pale mbele, na pembeni yake watu wadogo wadogo. Alijua akikazana angeweza kufika karibu, karibu sana, na kufika huko karibu akiwa chini. Kati yake na uwanja palikuwa na barabara ya murram na nyaya za umeme.

Mguu wa kulia ulianza kuuma mahali pa skrubu, ingawa hakuna kilichougusa.

"Mimi siendi huko," akasema kwa sauti, kana kwamba kuna mtu wa kubishana naye.

Akageuka akiwa bado juu, akauacha uwanja mgongoni, na upepo ukambeba kuelekea malisho mapana yaliyokuwa na ua upande mmoja na mbuzi upande mwingine. Akalichagua eneo katikati, lisilo na mti wala jiwe kubwa. Futi mia saba akageuka mara ya mwisho kuukabili upepo, polepole. Baada ya hapo mikono yake ilikaa juu na haikutamani chochote. Mia tatu. Mia mbili. Alizipita nyasi na vichaka akitazama mbele, si chini. Miguu pamoja. Magoti pamoja. Karibu na ardhi akavuta kamba zote mbili sawasawa, mwendo ukafa, nyayo zikagusa, na mwili ukajiviringisha wenyewe: shavu la mguu, paja, nyonga, mgongo. Upepo ukajaribu kumburuta. Akavuta kamba moja kwa mikono miwili mpaka kitambaa kikaanguka.

Alilala chali akitikisa vidole vya miguu ndani ya viatu. Kumi vyote.

Mbuzi walikuwa wametawanyika kila upande, na mwanaume wa makamo mwenye shuka nyekundu alikuwa anakuja kwa miguu, koleo la kukazia waya wa ua mkononi, bila haraka yoyote.

"Takwenya," akamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Muthoki akajibu akiwa bado chini. "Pole sana, Mzee. Nimetisha mbuzi zako."

"Watarudi. Wewe ndio sijui kama utarudi. Umeumia?"

"Hapana. Sijaumia. Hata kidogo."

"Basi mbona unalia?"

Muthoki akagusa uso wake ukiwa umelowa, akaanza kucheka, na mwanaume yule, aliyesema jina lake ni Kuntai, akacheka naye bila kujua wanacheka nini. Alimsaidia kukusanya kitambaa ili kisishikwe na miiba, akampa maji, kisha akawasha pikipiki yake. Waliingia uwanjani wakiwa na parachuti imebanwa katikati yao kama mzigo wa sokoni.

Ondiek alikuwa tayari ameshaingia garini kumtafuta. Alishuka, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akatoa daftari.

"Sema yote. Kwa mpango wake."

Akasema yote: alikuwa urefu gani alipogundua kwamba hafiki, redio ilipokatika, nyaya, mahali alipogeukia na kwa nini. Akasema pia kwamba angepaswa kuugundua upepo mapema, kwa sababu alitumia muda mrefu akifurahia kuwa hewani. Ondiek aliandika kila neno. Alipofunga daftari alikwenda kwa rubani, na Muthoki akasikia akimwambia wale wawili waliokuwa wamekwisha kuvaa wasipande, upepo wa juu umebadilika, na redio zote zikaguliwe moja moja kabla ya mtu mwingine kuruka. Wale wawili wakanuna. Wakavua.

Muthoki akaketi kwenye kiti cha plastiki, akampigia mama yake.

"Umetua?" Mukai akauliza kabla ya salamu.

"Nimetua, Mwaitu. Kwa malisho ya watu, mbali kabisa. Hakuna mtu ameniona isipokuwa mbuzi."

Sauti za soko zilisikika nyuma, mtu akiuliza bei ya viazi.

"Na miguu?"

"Yote miwili."

Mukai akashusha pumzi ndefu iliyojaa kwenye simu. "Sajini aniambie Jumamosi gani unaruka tena," akasema. "Nitakuja. Na hao mama wa kanisa nitawaambia wavae viatu vya kutembea."