Sauti Iliyovuka Pazia

Jumanne ile Ozella Pruitt alikuwa jikoni kwake, upande wa kaskazini wa Saint Louis, akikatakata sukuma wiki, na mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi ukichemka sufuriani. Kengele ya mlango ikalia. Ozella alikuwa na miaka sabini na saba na magoti yake yaliamua mwendo, basi aliyekuwa nje akasubiri. Alipofungua alimkuta Corinne Ashby amesimama kibarazani katika koti la manyoya. Kooni mwake alikuwa amebeba sauti ya Ozella, kama alivyoibeba kwa miaka hamsini.

"Ozella," alisema Corinne. Sauti ilikuwa bado ya msichana wa miaka ishirini na saba.

"Katika nyumba hii mimi ni Bi Pruitt," alisema Ozella. "Futa miguu."

Habari za sauti ile hazikuwa siri. Mwaka 1959 kampuni moja ya santuri ilitaka sauti ya Ozella na uso wa Corinne, kwa sababu Corinne alikuwa mzungu na Ozella hakuwa. Walimsimamisha Ozella nyuma ya pazia la kijani, Corinne wakamweka mbele achezeshe midomo. Walipofika wimbo wa tatu, sauti ikatoka kinywani mwa Ozella, ikapita kwenye tundu la pazia lililotobolewa na sigara, ikaingia kinywani mwa Corinne. Wote waliokuwemo chumbani waliiona. Ilikuwa na rangi ya mvuke wa chai, na ukubwa wake haukuzidi leso. Fundi mitambo aliandika saa kwenye daftari lake, kisha watu wakaenda kula.

Ozella alirudi nyumbani kwa basi akiwa bubu, na bubu akabaki miaka miwili. Mwaka wa tatu ikamwotea sauti nyingine kooni, kutoka chini, kwa maumivu, kama linavyoota gego. Ilikuwa nene na yenye mikwaruzo. Siku za kazi alipika chakula katika shule ya msingi, na Jumamosi aliimba kwa sauti hiyo kwenye kumbi ndogo, mpaka jina lake likajulikana kuanzia Saint Louis hadi Memphis. Corinne alijulikana dunia nzima. Magazeti yaliandika kwamba sauti yake haizeeki kwa sababu kila asubuhi analamba asali.

Sasa Corinne alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti.

"Kila ikifika saa kumi na moja jioni," alisema, "sauti hii inamwita mama yako."

"Inasemaje?"

"Inasema, Mama, nimerudi, kuna nini jikoni? Mwaka mzima sasa. Siwezi kuizuia. Na kampuni wanataka albamu moja ya mwisho, ya jukwaani, watu wakiwa wamekaa. Nyimbo kongwe za hapa kwetu, zile ambazo kila mtu anazijua. Nikianza mazoezi, inanyamaza. Haitaki kuimba bila wewe. Nimewaambia tuimbe wawili."

Ozella aliendelea kukata mboga. "Miaka hamsini hukujua ninakaa wapi?"

"Nilijua."

"Ukaogopa nini? Kwamba nitakufungia mlango?"

"Kwamba utanifungulia," alisema Corinne. Kisha akaongeza haraka, "Lakini ya zamani ni ya zamani, Bi Pruitt. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayakumwagika, mama. Yalichotwa. Na ndoo naiona imekaa kwenye kiti changu."

Saa ya ukutani ikafika kumi na moja. Hapo Corinne akatulia, macho yakaganda, kinywa kikafunguka nusu.

"Mama!" iliita ile sauti. "Nimerudi! Kuna nini jikoni?"

Ozella aliweka kisu chini. Hakuna aliyekuwa amemwambia msichana yule wa mle sautini, na ilionekana kazi hiyo ilikuwa inamngoja yeye.

"Mama hayupo," alisema kwa sauti yake ya mikwaruzo. "Alifariki Machi ya mwaka sitini."

"Nani alimwimbia?" iliuliza sauti.

"Shangazi Birdie alijaribu. Alianza wimbo kwa ufunguo usio wa sauti yake, akaishia njiani. Mimi nilisimama mbele ya jeneza nimefungua kinywa, hakikutoka kitu. Watu wa kanisa walisema nimeanza majivuno."

Sauti ililia kwa muda wa dakika kumi hivi. Ozella alitia mboga kwenye sufuria, akapunguza moto, kisha akampa Corinne kitambaa, kwa kuwa mashavu yaliyolowa yalikuwa ya Corinne, hata kama aliyelia hakuwa yeye.

"Nataka kumwimbia," ilisema sauti.

"Basi tutaimba," alisema Ozella. "Sifanyi hivi kwa ajili yako, Corinne. Usije ukalala na raha."

Alhamisi alikuja Bwana Kessler, mwanasheria wa kampuni, na karatasi nne. Alikuwa mtu mpole aliyesifu harufu ya jikoni. Alieleza kwamba sauti ya mwaka 1959 ni mali ya kampuni, haidhuru imo kooni mwa nani. Ukurasa wa nne ulisema kwamba ikitokea sauti ikahama, mwenye koo jipya hataruhusiwa kuitumia kwa kuimba, kuongea, kukohoa wala kupiga chafya mbele ya watu bila kibali cha maandishi.

Ozella alitia sahihi kurasa tatu za kwanza, zilizohusu sauti yake ya pili. Ule wa nne aliukunja mara mbili, akautumia kushikia sufuria ya moto.

"Haidhuru," alisema Kessler. "Tunao mkataba wako wa zamani. Sahihi yako ipo."

Akautoa. Chini kabisa palikuwa na alama ya msalaba.

"Mimi nilimaliza shule ya sekondari," alisema Ozella. "Naandika jina langu tangu nina miaka mitano."

"Alama inatambulika kisheria, Bi Pruitt."

"Inatambulika. Ila mimi haijanitambua."

Albamu ilirekodiwa Jumapili saa tisa alasiri, katika ukumbi wa viti mia tisa. Wanawake wa kanisani kwa Ozella walikuja na kofia zao kubwa, wakakaa upande wa kushoto. Mashabiki wa Corinne kutoka vitongoji vya nje walikaa kulia. Hakuna aliyewapanga. Kwenye piano alikaa Hosea Battle, aliyempigia Ozella kwa miaka thelathini na hakuwahi kumsifu hata mara moja.

"Umevaa viatu vipya," alisema Hosea. "Vitakuumiza."

"Viache viniumize. Leo sina nia ya kukaa."

Nyimbo saba za kwanza zilikwenda vizuri. Corinne aliimba kwa sauti ya Ozella ya ujana, nyepesi, ikiruka juu bila kutazama chini. Ozella alitembea chini yake na sauti yake ya pili, taratibu, kama mtu anayejaribu mbao za sakafu kabla ya kumruhusu mtoto kupita. Fundi mitambo alinong'ona kwamba hajawahi kurekodi watu wawili wanaoelewana pumzi kiasi kile. Hosea alimwambia ni kwa sababu mmoja wao ni yule yule.

Wimbo wa nane ulikuwa ule ambao mama yake, Luvenia Pruitt, aliuvumisha midomo ikiwa imefumbwa kila alipopiga pasi mashati ya watu. Corinne akaanza ubeti wa kwanza. Katikati ya ubeti wa pili alinyamaza, na sauti ikatoka kinywani mwake.

Ilikuwa na rangi ile ile ya mvuke wa chai. Ikaanza kuvuka jukwaa. Kati ya wanawake wale wawili palikuwa na hatua sita. Kessler alisimama mstari wa mbele na kuinua mkataba juu, nao ulionekana vizuri na wote. Sauti ikapita juu ya karatasi, ikafika mbele ya uso wa Ozella, ikasimama.

Ozella alikuwa na muda wa kutosha wa kufumba kinywa. Alijua kitakachofuata: barua, mahakama, marufuku. Alikwisha kuishi bubu miaka miwili na alijua urefu wake. Alimtazama Kessler machoni, akarudisha mabega nyuma, akafungua kinywa wazi kabisa.

"Tunaanzia wapi?" aliuliza Hosea, vidole vikiwa hewani.

"Mwanzo. Kwenye ufunguo aliokosea Birdie."

Aliimba wimbo wote, sauti mbili katika koo moja, ya msichana na ya bibi kizee. Hazikushindana. Kwenye mistari ambayo mama yake alizoea kuisahau na kuvumisha tu, zilivumisha tu. Corinne alikaa kwenye kiti cha jukwaani, mikono mapajani. Kwa mazoea alichezesha midomo kidogo, kisha akaacha. Ulipokwisha, kushoto wakasimama, na baada ya muda kulia nao wakasimama. Mwanamke mmoja aliinama kuokota mkoba wake. Kessler alikunja mkataba na kuandika saa.

Albamu ilitoka masika yaliyofuata. Jalada lilikuwa na picha ya Corinne. Jina la Ozella lilikuwa nyuma, kwa herufi za ukubwa wa chawa, na wimbo wa nane ukaandikwa kuwa ni wa Corinne peke yake. Kampuni ilimshitaki Ozella kwa kuikalia sauti, na kesi haikuchukua muda. Corinne, ambaye sasa alikuwa bubu, aliandika ushahidi wa kurasa kumi na moja kwamba sauti ni ya Ozella tangu kuzaliwa, na kwamba yeye alilijua hilo kila siku ya maisha yake. Jaji aliusoma kwa makini, akasema shahidi sharti atoe ushahidi kwa sauti yake mwenyewe. Corinne hakuwa nayo. Jaji akaamuru kwamba sauti ni ya kampuni, na kwamba Ozella airudishe au anyamaze.

Hakuirudisha. Kwa sauti hiyo aliagiza kambare kwa muuza samaki, akaimba kanisani kila Jumapili, na siku mbili alipokuwa na mafua aliipigia chafya barazani, majirani wakiona. Kila Jumatatu ikaja barua ya kampuni.

Corinne alikuwa akija Jumanne kunywa maji ya tangawizi na kungoja sauti yake mwenyewe imwotee kooni.

"Inauma?" aliandika kwenye daftari lake.

"Inauma sana," alisema Ozella. "Kunywa."

Jumanne moja, barua ilipofikia kurasa tano, Ozella alivaa miwani, akampigia Kessler simu ofisini. Aliiweka simu mezani kati ya vikombe, akaanza kumwimbia barua yake. Aya ya kwanza aliiimba kwa sauti ya miaka ishirini na saba, ya pili kwa ile ya mikwaruzo, ya tatu kwa zote mbili, na vifungu vya sheria akavitia mahadhi.

"Bi Pruitt," alisema Kessler kwa upole ule ule, "huku ni kuvunja amri ya mahakama."

"Najua, baba," alisema Ozella, akafunua karatasi. "Usikate. Bado kurasa mbili."