Viatu vya Kipimo

Saa nane mchana, siku moja kabla ya harusi isiyo yake, Kipimo alikuwa amesimama katikati ya jukwaa. Kitambaa cha meza kilikuwa kichwani pake badala ya shela, na mkononi ameshika shada la maua ya plastiki. Alitazama mbele kama alivyofundishwa: kidevu juu, mabega chini, tabasamu la mtu aliyepata alichokiomba.

"Usitikisike," fundi wa taa alimwambia kutoka juu ya ngazi. "Hata kupumua, pumua kwa zamu."

"Nikiacha kupumua utapamba mazishi."

"Kwangu sawa tu. Maua ni yale yale."

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limelala ndani ya kitambulisho. Kazini aliitwa Kipimo, na ndiyo kazi yenyewe. Bi Mapambo, mwenye kazi, aligundua zamani kwamba upinde wa maua haupimwi kwa utepe. Upinde ukiwa juu mno, bibi harusi huonekana kama mtoto aliyepotea mlangoni kwa watu. Ukiwa chini mno, majani humvuruga nywele mbele ya wakwe. Hapana budi asimame mtu mwenye shingo na mabega. Mwili wa Kipimo ulifaa: si mrefu wa kusifiwa wala mfupi wa kutaniwa. Na kwa kuwa mabibi harusi huvaa visigino, jozi moja ya viatu vyeupe, visigino virefu kama kidole cha kati, ilikaa siku zote ndani ya sanduku la nyundo na misumari.

Vilikuwa namba thelathini na nane. Miguu ya Kipimo ilikuwa arobaini. Siku ya kwanza alipopewa aliona haya kusema. Siku ya pili akaona amechelewa kusema. Sasa ulikuwa mwaka wa nne.

"Kwa hesabu yangu," fundi wa taa aliendelea, akiuma waya kwa meno, "umeshaolewa mara mia mbili na ushei. Na hujawahi kuonja keki."

Kipimo aliuhamishia uzito mguu wa kushoto. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimeanza kuwaka, na kikianza hicho, vingine vyote hufuata kama kondoo. Mfukoni mwa sketi yake karatasi moja ilikuwa imekunjwa mara nne, na karatasi ile ilimwelemea kuliko shada, kitambaa na ukumbi mzima.

Ilikuwa karatasi ya maswali ambayo Bi Mapambo humpa kila anayekuja kutafuta mawazo ya sherehe. Rangi gani? Maua gani? Upinde au pazia? Wageni waingie wakiona nini? Na mwisho kabisa, swali ambalo Bi Mapambo hulipenda kama mtu anavyopenda mtoto wa uzeeni: Ukifumba macho, unaona nini?

Baada ya majuma matatu, Kipimo mwenyewe angevalishwa pete ya uchumba. Bi Mapambo alikuwa ameamua kumpambia sherehe hiyo, zawadi kwa miaka minne ya kusimama. "Ila nijazie karatasi kama mteja," alimwambia alipompa karatasi, na leo akamkumbusha: "Leo kabla hatujafunga ukumbi. Usiponijazia, nitachagua mwenyewe, na unanijua mimi na manyoya."

Alikuwa ameijaribu karatasi ile siku tisa. Alipofikiria taa za buluu zilizoning'inizwa ndani ya chupa, alimkumbuka yule muuguzi aliyezitaka taa hizo, akalia zilipowashwa. Alipofikiria njia ya maua mekundu kutoka mlangoni, wakaja mapacha walioolewa siku moja, wakagombea nani atangulie kuikanyaga. Kila wazo alilolishika lilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa kama kuvaa nguo ambazo bado zina jasho la watu.

Asubuhi hiyo mama yake alimkuta amekaa na kalamu mdomoni, karatasi nyeupe pe. Mama alikuwa na ungo wa mchele mapajani, akichambua bila kutazama.

"Kinyozi hajinyoi," mama alisema, "lakini na yeye hupeleka kichwa kwa mwenzake. Umepamba za watu wote, yako unataka iwe kama kikao cha kuchagua mjumbe?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Hujasema lolote! Ndiyo tabia yako tangu uchangani. Hata kulia ulilia kimya, nikajua kwa kugusa mto." Alitupa jiwe dogo mlangoni. "Mimi nilivalishwa pete jikoni, baba yako ana haraka ya basi. Pete yenyewe ilikwama hapa, kwenye kifundo, tukaisukuma kwa sabuni. Nataka nikuone umesimama mahali pazuri, mwanangu. Andika nyeupe na dhahabu. Ni shida?"

Haikuwa shida. Lakini mkono ulikataa, na Kipimo alidhani anajua kwa nini.

Bi Mapambo alikuwa na kisa ambacho hakuna mteja aliyetoka ofisini bila kukisikia. Hapo zamani alikuja binti mmoja, mzuri, msomi, mchumba wake hana kasoro. Akaambiwa afumbe macho. Akafumba. Unaona nini? Akasema, sioni kitu. Zilipobaki siku sita, harusi ikavunjika. "Anayependa lazima aone kitu," Bi Mapambo humalizia, akigonga meza kwa kucha. "Hata kiwe kibuyu. Asiyeona kitu, moyo wake haumo."

Kipimo alikuwa amefumba macho mara nyingi siku hizo tisa: kitandani, bafuni, foleni ya maji. Aliona giza, na ndani ya giza, uchovu. Kama moyo ulikuwamo, basi ulikuwa umelala fofofo. Na mtu aliyemchumbia hakumkosea lolote; kumdanganya mtu wa namna ile kungekuwa dhambi. Basi kabla ya kutoka nyumbani alimtumia ujumbe: *Nipitie ukumbini saa kumi. Nina neno.* Angemwambia waahirishe. Akiuliza mpaka lini, angemwambia hajui.

Saa kumi kasorobo alikuwa bado yuko juu ya visigino. Upinde ulikuwa umepandishwa, ukashushwa, ukapinda kushoto, na Bi Mapambo, aliyekuwa mwisho wa ukumbi akiuangalia kwa jicho moja, hakuridhika. Miguu ya Kipimo ilikuwa imeshapita maumivu, ikafika mahali pa ganzi ambapo mtu husimama kwa mazoea tu, kama kiti.

Mlango ukafunguliwa.

Aliyeingia alikuwa fundi viatu, mwanamume mwembamba mwenye mkoba wa ngozi begani na rangi ya kiatu kwenye kucha. Alikuwa na desturi ya kutazama miguu ya mtu kabla ya uso; watu wengine walidhani ana kiburi, wengine walidhani ana haya. Kipimo alijua ni kazi tu. Kila walipokutana yeye huwa amevaa ndala pana alizoshonewa na huyuhuyu. Hakuwahi kuonwa naye juu ya jukwaa.

"Shemeji!" fundi wa taa alipaza sauti. "Umewahi. Panda hapa usimame naye, tupime wawili."

"Shikamoo, mama," fundi viatu alimwambia Bi Mapambo.

"Marahaba, mwanangu. Panda, panda. Na wewe utanisaidia, maana mwenzako ananificha. Fumba macho. Siku yenu, unaona nini?"

"Mimi nikifumba macho nalala, mama. Nimeshona tangu alfajiri."

Fundi wa taa alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Kipimo hakucheka. Alikuwa akimtazama mchumba wake akipanda ngazi za jukwaa polepole, macho chini kama kawaida yake, na akaona macho yale yanafika kwenye viatu vyeupe na kusimama hapohapo.

Miezi miwili nyuma aliwahi kumuuliza kuhusu jeraha la kidole kidogo. Kipimo alimjibu kwamba amejigonga kwenye mguu wa kitanda. Baada ya wiki mbili lilikuwapo tena, akajibiwa vilevile, akasema, "Kitanda chenu kina hasira." Wakaacha hapo.

Sasa alichutama mbele yake, akaweka mkoba chini.

"Kumbe kitanda chenyewe ndicho hiki," alisema.

Kipimo alihisi uso unamwaka. "Ni vya kazini."

"Inua."

"Watu wanatuangalia."

"Wewe si hutazamwa kila siku? Inua."

Aliinua. Kiatu hakikutoka kwa kuvutwa. Fundi viatu alikipinda ubavuni kwa gumba, kwa ujuzi, mpaka kikauachia mguu kwa sauti ndogo kama ya kizibo. Kisha cha pili. Kipimo alishuka sakafuni, na ukumbi mzima ukapanda: meza zikasogea juu, upinde ukawa mbali, na Bi Mapambo, aliyekuwa akija mbio mbio, akawa ghafla mrefu kumliko.

Damu ilirudi miguuni kama siafu. Alimshika fundi viatu begani asianguke.

Bi Mapambo aliviokota viatu. Alivigeuza, akasoma namba iliyofutika nusu. Kisha akaitazama miguu ya Kipimo, vidole vilivyolaliana kama watu wanaoshiriki blanketi dogo.

"Miaka minne," alisema. "Mbona hukusema?"

"Hukuuliza, Bi."

Hakusema kwa ukali. Hakuwa hata na nguvu ya ukali. Lakini Bi Mapambo, mwanamke aliyewauliza mamia ya watu wanaona nini, alibaki amevishika viatu vile kwa vidole viwili. Juu, fundi wa taa alijifanya kutafuta koleo ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Fundi viatu alifungua mkoba, akiongea kama anayezungumza na vifaa vyake. "Watu huja kibandani kwangu wakilalamikia barabara. Barabara mbaya, ndefu, haifiki. Nikitazama, ni kiatu." Akatoa penseli fupi, akapapasa ndani ya mkoba, akatikisa kichwa. "Una karatasi?"

Kipimo alisita. Kisha akaitoa mfukoni ile iliyokunjwa mara nne.

Fundi viatu aliikunjua bila kuisoma, akailaza sakafuni, akailainisha kwa kiganja. "Kanyaga. Uzito wote. Usijikaze."

Alikanyaga. Karatasi ilikuwa ya baridi. Penseli ilianzia kisiginoni, ikapita ukingoni, polepole, ikimtekenya kidogo penye uwayo; ikazunguka kila kidole kwa subira, hata kile kilichovimba, ikakipa nafasi yake. Mstari ulipita juu ya rangi, juu ya maua, juu ya upinde au pazia. Kidole gumba kililifunika lile swali la mwisho lote. Kipimo alifumba macho, si kwa kutaka kuona kitu. Yalijifumba tu, kama yanavyojifumba ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ulisema una neno," fundi viatu alisema huko chini, bila kuinua kichwa.

Juu ya ngazi minyororo ya upinde ilianza kulia. Bi Mapambo alikuwa ameashiria kwa mkono, na upinde ulikuwa ukishuka, shubiri kwa shubiri, mpaka majani yakagusa kitambaa cha meza kilichokuwa bado kichwani mwa Kipimo.

"Ninalo," alisema. Akauinua mguu wa kulia, akausogeza wa pili mbele. "Chora kwanza na wa kushoto."