Mbegu ya Nani

Kibuyu cha kwanza kilipasuliwa kwa buti. Majivu yakatimka, maharage meupe yakamwagika hadi kwenye mafiga, na Yunisi akapiga magoti kuyazoa kabla tope halijayafikia. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha kijijini Mwamgongo. Wanawake walikuja na vikapu kwa huyu mjane kuazima mbegu, kama siku zote: unachukua leo, ukivuna unarudisha, unaongeza kiganja cha shukrani. Walipoona boti ya polisi ufukweni, walitawanyika. Alibaki Wema, jirani yake.

"Shikamoo, mama," Bariki alimwamkia kwa adabu. Alikuwa afisa wa kampuni ya mbegu.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie askari aache. Si haya uliyokuja kuniomba mwaka juzi? Nilikujazia kofia."

"Ndiyo, mama. Sasa yamesajiliwa. Yana mwenyewe."

Afande Leodgar alimkanyaga Yunisi vidole. "Jibu swali moja. Mbegu hii ni ya nani?"

Yunisi hakuwaza. Kila msimu aliipeleka kanisani ikaombewa kabla ya kugusa udongo.

"Ya Mungu."

"Umesikia, Bwana Bariki? Amekiri mwenyewe kwamba si yake."

Wema alicheka kicheko kikavu. "Kwa hiyo na Mungu mtamfunga?"

Kofi lilimbamiza ukutani. Damu ikamtoka puani, naye akaendelea. "Sheria hiyo kaitunga nani?"

"Si yetu peke yetu, dada." Bariki alikuwa akipangusa majivu kwenye viatu. "Ni mkataba wa nchi nyingi. Tumeingia ili kampuni za nje zituletee mbegu mpya, na mataifa makubwa yanunue mazao yetu. Nani ataweka mali yake kwenye nyumba isiyo na kufuli?"

"Na ukitubana, si tutoke?"

"Tutoke twende wapi? Majirani wamo. Ukitoka unafungiwa masoko, misaada inakatika. Ni kama ndoa ya kanisani."

"Ya kanisani niliulizwa kama nakubali," Yunisi alisema kutoka chini. "Mbele ya watu."

Leodgar alifungua dumu la dizeli, akaanza kumimina ndani ya vibuyu vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayemwagilia miche. Mbegu iliyolowa dizeli haioti. Yunisi aliyatazama maharage aliyokuwa ameyazoa, yote yaliyosalia ya mbegu ile, akayatia mdomoni.

"Tema."

Akatikisa kichwa.

Kitako cha bunduki kilimpata kwanza mbavuni. Akajikunja, midomo ameibana. Pigo la pili lilitua kwenye taya, na mlio wake ulikuwa ule wa ukuni mbichi ukivunjwa gotini. Aliangukia uso. Kinywa kikafunguka chenyewe, vilivyokuwamo vikamwagika.

"Okota vyote," Leodgar alisema. "Ni kielelezo."

Bariki alichutama na mfuko wa nailoni. Katika damu vyote vilikuwa rangi moja. Akaokota. Kimoja alikifuta kwa kidole gumba, akakishika juu.

"Mbona hiyo ina mzizi?" Leodgar aliuliza. "Imeshaota?"

Bariki alilitazama pengo jipya kinywani mwa Yunisi. Kisha akakitumbukiza mfukoni pamoja na vingine, akafunga fundo, akaandika juu yake jina la kampuni.