Mchoro Usio na Namba

Nikutegee moja kabla hujakaa vizuri. Ana shingo, hana kichwa. Ana jicho moja, wala haoni. Siku ikiwa tulivu hana kazi, upepo ukivuma ndiye mlinzi wa nyumba. Nani huyo?

Umesema sindano? Sindano na upepo wapi na wapi, mjukuu wangu! Haya, nisogezee hiyo chai yako, nikupe jibu. Ni kulabu ya dirisha, kile kichuma kinachoshika dirisha lisijipige ukutani. Usione haya. Mzee mmoja aliyezichora kulabu za namna hiyo kwa mkono wake alinijibu kwamba ni bata.

Mzee huyo ni Kalamu. Si jina alilopewa na wazazi wake, tulimpa sisi wanawake wa kiwandani, kwa sababu hata akila, penseli ilikuwa sikioni. Kiwanda chetu kilitengeneza vitu vidogo vya milango na madirisha: bawaba, komeo, kulabu, na vingine ambavyo hata sisi tulioviunga hatukujua vinakwenda wapi. Kalamu alikaa juu, kwenye chumba cha vioo, akichora. Sisi tulikaa chini, kwenye meza ndefu, tukigonga ribiti, vile vimisumari butu vya kuunganisha chuma na chuma. Bosi wetu alikuwa na wasiwasi wa kuibiwa, basi juu ya mchoro haliandikwi jina la kitu, inaandikwa namba tu. Majina alikuwa nayo yeye kwenye daftari lake, na siku alipokufa daftari halikuonekana tena.

Kiwanda kikafungwa. Kalamu akaibeba michoro yote kwake, akaisukuma chini ya kitanda. Miaka ikapita. Yeye akamzika mkewe, mimi nikamzika babu yako, tukajikuta majirani, nyumba tatu katikati. Asubuhi tunasalimiana, jioni tunabishana kuhusu habari za redio. Halafu macho yake yakaanza kumtupa mkono. Kwanza alishindwa kusoma. Baadaye nikamkuta barabarani anaipa shikamoo nguzo ya umeme.

"Imeitikia?" nikamuuliza.

"Ina adabu kuliko wewe," akasema. "Imenyamaza."

Tulicheka, lakini binti yake hakucheka. Binti huyo ni nesi, anaishi mji mwingine, safari ya saa nne tano kwa gari. Akapiga simu: "Baba, huwezi kukaa peke yako tena. Jumamosi ya wiki ya pili nakuja kukuchukua." Na ile michoro? Chuo cha ufundi kilisema kitaipokea, lakini kila mmoja uwe na jina, maana namba tupu haimfundishi mtu. Ilikuwa mia moja na kidogo. Kalamu akaja kuniomba macho yangu.

Jumatatu ya kwanza tulikaa chumbani kwake, karatasi zimejaa kitandani. Hata hatujafungua ya kwanza, akaniuliza, uso ameuelekeza dirishani kama anayeongea na mtu wa nje:

"Unaonaje tukikaa pamoja, mimi na wewe? Tukifunga ndoa, binti yangu hatakuwa na sababu ya kunihamisha."

Moyo ukanilipuka pa! Lakini mdomo ukasema, "Fungua karatasi, mzee, siku inakwenda."

Nikuambie ukweli, si kwamba sikumpenda. Nilimpenda, tena wewe usicheke. Ila niliogopa kitu kimoja. Huyu mtu ananitaka mimi, au anataka macho? Kama anatafuta wa kumshika mkono asigonge ukuta, aseme hivyo, nitamshika bila ndoa. Kuwa fimbo ya mtu si sawa na kuwa mke wake. Nikalimeza swali lake, likakaa kifuani siku zote zile, na yeye hakulirudia.

Tukafanya kazi. Mimi naangalia mchoro, namweleza, yeye anakisia. Shule yangu unaijua, darasa la saba basi, na michoro ya ufundi sikuwahi kuiona nilipokuwa kazini. Kwa hiyo nilimweleza kwa namna yangu.

"Huyu ni mdudu amelala chali. Mabawa mawili, katikati ana tumbo la duara."

"Matundu yako mangapi?"

"Matatu kila bawa."

"Kila tundu lina duara moja au mawili, moja ndani ya jingine?"

"Mawili."

"Basi ni ya skrubu inayozama, haitaki kichwa kitokeze. Na tumboni kuna mistari ya vipande vipande?"

"Ipo. Umejuaje?"

"Vipande vipande ni kitu kilichojificha ndani. Hiyo ni springi. Ni bawaba ya mlango wa kusukuma huku na huku, kama wa jikoni hotelini. Andika."

Nikaandika. Siku nyingine nilimwambia nimeona mtu kanyoosha ulimi, naye akasema ni kichuma cha kuzuia dirisha lisifunguke zaidi ya kiganja, ili mtoto mdogo asianguke. Nikashika kidevu. Kichuma hicho nilikigonga miaka minne nikidhani ni cha kufungulia makopo! Tulishinda tukicheka hivyo, na kila jioni nikiondoka alikuwa ananisindikiza mpaka kizingitini, mkono ukutani, anasema tu, "Kesho basi."

Ijumaa usiku sikulala vizuri. Jumamosi ilipofika tulikuwa tumebakiwa na karatasi tatu, na begi lake lilikuwa limefungwa, limesimama karibu na mlango. Mbili tukazimaliza haraka. Ya tatu ilikuwa imekunjwa ndani ya nyingine, na haikuwa na namba.

"Haina namba?" akashtuka. "Tazama vizuri."

"Nimetazama. Nikutegee?" Nilijitahidi sauti iwe ya mzaha. "Kibao kidogo, kimeinama kidogo mbele. Kina mifereji mifereji juu. Huku na huku kimeshikwa na mikono miwili ya chuma, na mikono hiyo imekunjwa huku juu kama mtu anayening'inia mtini. Hiki nakijua mwenyewe, usijisumbue. Ni cha kuwekea sabuni. Unakitundika kwenye bomba, mifereji ni ya kutoa maji."

Kalamu akaipapasa karatasi.

"Kina urefu gani hicho kibao?" akauliza taratibu.

Nikaweka rula. "Sentimita nane. Sabuni inaenea kabisa."

"Pembeni, chini kulia, pameandikwa nini?"

"Moja, nukta mbili, tano."

"Hiyo ndiyo nilisahau kukufundisha. Maana yake mchoro ni mdogo, kitu chenyewe ni kikubwa. Kila unachopima, zidisha mara tano."

Nane mara tano, arobaini. Mikono nayo sentimita saba kwenye rula, mara tano, thelathini na tano. Nikainyoosha mikono yangu hewani nipate ule ukubwa. Sabuni gani ya sentimita arobaini? Nikakitazama tena kile kibao, na mifereji yake, na ule mwinamo wake, na mjukuu wangu, miguu yangu ilikijua kabla ya kichwa. Nyayo zilipata joto ndani ya ndala.

Nilikuwa na mimba ya baba yako mwaka ule. Viti vya kiwandani vilikuwa virefu, mimi unaniona nilivyo kimo, basi miguu yangu ilikuwa inaning'inia kutwa, inavimba kama maandazi. Nikatafuta kopo la rangi nikawa nalikanyagia. Nyapara akaja, akalitoa kwa teke. "Hapa si sebuleni kwako," akaniambia mbele ya wenzangu. Nililia chooni. Baada ya wiki moja hivi, naingia asubuhi, nakuta chini ya meza yangu kimetundikwa kibao cha kukanyagia, mikono yake imekaa kwenye ule upau unaopita chini ya meza kama imezaliwa hapo. Chini ya meza yangu peke yangu. Nilikitumia mpaka siku kiwanda kinafungwa.

"Ni wewe?" nikasema.

"Nilipima usiku mmoja mmetoka kazini," akasema Kalamu. "Toka kwenye kiti chako hadi sakafuni. Miguu nilikuwa nimeshaipima kwa macho, kule juu. Namba sikuweka, bosi angeuliza ni cha nani. Fundi wa kuchomelea aliniunganishia wakati wa chakula."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wewe mke wa mtu, mimi mume wa mtu. Sikuwa na neno lolote baya. Niliona tu mtu miguu yake haifiki chini."

"Kalamu! Mimi nilidhani nyapara amejuta! Nilimpelekea mayai kumi na mawili!"

"Najua. Aliyapika pale pale ofisini, akayala yote. Hata moja hakunionjesha."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Miaka yote hiyo. Alikuwa na macho yake mazima, hakuhitaji mtu wa kumshika mkono, hakuhitaji chochote kwangu, na aliniona.

Nje gari likasimama. Binti yake akaingia, ametoka safari, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo mama. Shikamoo baba. Mmemaliza?"

"Marahaba, mwanangu. Bado mmoja," nikasema.

"Huo hauna jina," Kalamu akasema. "Uache."

Nikachukua kalamu ya wino, nikaandika polepole, herufi zangu zile kubwa za darasa la kwanza: *Kibao cha miguu. Kilitengenezwa kimoja tu.* Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa, kisha akapapasa hewani kutafuta kishikio cha begi lake. Binti yake akawahi kulinyanyua.

"Basi twende, baba. Tukichelewa kiza kitatukuta njiani."

Akasimama. Hakuniuliza tena. Alinyoosha mkono wa kuagana, ukaelekea kidogo pembeni ya pale nilipokuwa, nami nikaufuata nikaushika.

"Lile swali lako la Jumatatu ile ya kwanza," nikamwambia.

Binti yake akatutazama, mmoja baada ya mwingine, begi likiwa mkononi. Kalamu hakuuachia mkono wangu.

"Nalikumbuka," akasema.

"Nimekubali. Lakini tutakaa kwangu. Kwako kunavuja."